Sema Umeumia Goti

Kuze, Mombasa
9 Januari 1968

Ndugu yangu Taib,

Assalaam aleikum. Idi tumeisali salama, na kila aliyeingia kutupa mkono aliuliza daktari wetu wa Kampala mbona hakuja. Mama alikujibia kwamba wagonjwa hawana sikukuu. Sikumsahihisha. Amekwisha kuwaambia majirani wote kuwa unatibu watu, na nikisema kazi yako ni kukaa maabara na darubini, nitaonekana nakuonea wivu. Mguu wake bado unavimba jioni, lakini ngazi anapanda mwenyewe. Ami Kamaludin amepona mafua na amerudi kusomesha dini.

Kache bado yuko nasi, katika kile chumba chako cha juu. Ulipoondoka alikuwa mwanafunzi wangu, binti wa Mzee Chengo wa reli, mwembamba na mwenye haya ya kula mbele za watu. Sasa ana miaka kumi na tisa na anapokea simu katika ofisi moja ya bandarini. Nakukumbusha habari zake kwa sababu nina haja nawe juu yake.

Wajua kwamba nilimfundisha kukimbia, mimi ambaye sijapata kukimbia mbele ya watu tangu nivae buibui. Mwezi wa Novemba alikwenda Nairobi akakimbia yadi mia nne na arobaini, akawashinda wasichana wa nchi nzima. Wa pili, Jael Ogutu wa Kisumu, ndiye aliyekuwa akishinda siku zote. Safari hii aliachwa mbali hata watu wakacheka, na kicheko hicho hakikunipendeza. Kache amechaguliwa kwenda mashindanoni ng'ambo mwezi wa Septemba.

Sasa imekuja amri kwamba kila mwanamke atakayesafiri awe na cheti cha daktari kuwa yeye ni mwanamke. Wanaume hawakutakiwa cheti. Watawakwangua ndani ya shavu na kupeleka hicho kitu mahali kikatazamwe. Wanasema ni kwa wote, lakini nimesikia kuna mtu aliyelalamika juu ya Kache: kwamba ana sauti nzito na kifua cha mvulana. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie wanatafuta nini mdomoni mwa mtu.

Mama anakuombea. Vaa nguo za joto.

Dada yako,
Mwanakuu

*

Kampala
2 Februari 1968

Kwa Dada Mwanakuu,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilinikuta na homa, nayo imepita. Mwambie Mama apunguze chumvi na auinue mguu akaapo, na asipofuata mwambie ni amri ya daktari, maadam amekwisha kuniajiri. Kampala mvua haijui msimu. Mchele wa hapa sijauzoea.

Sasa jibu lako. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ukizipaka rangi na kuzitazama kwa darubini, chembe nyingi za mwanamke huonyesha kitone cheusi ubavuni mwa kiini. Za mwanamume hazinacho. Shavu huchaguliwa kwa kuwa halina uchungu wala aibu. Zamani kidogo waliwasimamisha wanawake uchi mbele ya madaktari, kwa hiyo hii inahesabiwa kuwa heshima.

Najua utauliza kwa nini ipo. Nakujibu kama ninavyoona. Mbio za wanawake zimetengwa kwa sababu zisipotengwa, wanaume watashika nafasi zote, na Jael hatakuwa na pa kukimbilia, wala Kache. Kikiwekwa kitu kando kwa ajili ya watu fulani, hapana budi atokee mtu wa kuuliza ni nani hao. Swali si baya. Lakini kitone hujibu jambo dogo kuliko linaloulizwa. Wako watu, wachache, waliozaliwa na kulelewa wanawake, na wao wenyewe hawajui lolote, ambao kitone hicho hawanacho. Kwa kawaida hawajui mpaka wapimwe.

Nina swali moja, nami nauliza kama daktari. Je, Kache amekwisha kuvunja ungo?

Nisalimie Ami Kamaludin na wote wanaoniulizia.

Nduguyo,
Taib

*

Kuze, Mombasa
18 Machi 1968

Ndugu yangu,

Idi ya kuchinja imepita nasi tu wazima. Tulichinja mbuzi mmoja kwa niaba ya marehemu Baba, na nyama nyingi ilikwenda kwa jirani. Chumvi Mama amepunguza mbele yangu. Mguu wake husuguliwa na Kache kila jioni, mafuta ya nazi yakiwa vuguvugu, na Mama husema hakuna mkono mwingine katika nyumba hii unaojua kusugua, na wangu ni wa kushika chaki.

Uliniuliza jambo moja mwishoni mwa barua yako. Sitakujibu. Si langu.

Nilifuatana na Kache hadi Nairobi. Wasichana walikuwa sita, wakakaa kwenye benchi moja nje ya mlango, wakaingia mmoja mmoja. Kache alitoka anacheka, akasema ni kama kukwanguliwa ukoko wa sufuria. Alikwanguliwa, kikapakwa kwenye kioo, kioo kikatiwa nambari. Majina hayakuandikwa. Usiku alilala chumba kimoja na Jael Ogutu. Nilidhani watanuniana, kumbe Jael alimpa sweta yake kwa kuwa Kache hakujua kwamba Nairobi kuna baridi ya namna ile. Ni msichana wa maneno machache, anasomea ualimu. Aliniambia amekuwa akiamka kabla ya kuku kwa miaka mitatu ili akimbie kabla ya masomo. Hakulisema kwa kujisifu.

Majibu yatachukua muda, wanasema, kwa sababu vioo vinapelekwa nje ya nchi. Hawakusema wapi.

Tuandikie. Mama huuliza kila apitapo mtu wa posta.

Mwanakuu

*

Kampala
30 Aprili 1968

Dada Mwanakuu,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima.

Vioo vililetwa hapa, kwetu. Nilipojua ni vya wasichana wa Nairobi nilimwomba mkuu wangu anipe ruhusa nisivisome. Akasema hakuna mwingine wa kazi hiyo. Nilivisoma, naye akavisoma baada yangu, tukatia sahihi wote wawili. Vina nambari tu, kama ulivyosema.

Zaidi ya hayo usiniulize. Wala usitafute maana katika ufupi wa barua hii. Ningeandika hivihivi hata kama hapana neno.

Namuombea Mama afya, nawe uniombee radhi yake.

Taib

*

Kuze, Mombasa
16 Juni 1968

Ndugu yangu Taib,

Assalaam aleikum. Maulidi yamesomwa, na mwaka huu Ami Kamaludin alipewa heshima ya kufunga kwa dua. Barazani kwa Bwana Taufiki wamepaka chokaa mpya. Mama yuko hali njema sasa. Kwa nini nasema sasa, utaona.

Kache aliitwa tena Nairobi, akarudi katikati ya Mei kwa basi la mchana. Nilimpokea Mwembe Tayari. Alinisalimu, akanipa mzigo mmoja nimsaidie, na njia nzima alinieleza habari za wenzake. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani akaniambia yaliyotokea, kwa sauti ileile.

Walimwita ofisini, daktari mmoja na bwana mmoja wa chama cha riadha. Walimwambia kipimo kimeonyesha tatizo na hataweza kusafiri. Aliuliza tatizo gani. Daktari akasema ni la kitaalamu, atafute hospitali amalize habari hiyo kwa faragha. Yule bwana alikuwa mpole sana. Alimwambia wasingependa aaibike, kwa hiyo magazeti yataambiwa ameumia, naye akiulizwa aseme hivyohivyo.

"Sema umeumia goti," alimwambia.

"Goti lipi?" Kache akauliza.

"Lolote. Chagua wewe."

Jael ndiye atakayekwenda mahali pake.

Nilimshauri Kache alitumie hilo goti. Nakuandikia ili ujue kwamba nilimshauri hivyo. Kesho yake alikwenda kazini, na alipoulizwa na wenzake mbona hasafiri, alisema hakuumia, kipimo cha wanawake ndicho kilichomkataa. Alilisema waziwazi, kama mtu anayeeleza kwamba ameachwa na gari. Unaujua mji huu. Ijumaa habari ilikuwa imefika mpaka Kibokoni, na huko ilipofika haikuwa tena habari ya kipimo. Walisema Mama yetu, Bi Sheikha wa Kuze, amekuwa akimlaza mwanamume juu ya nyumba yake miaka mitano.

Hapo ndipo Mama alipovaa buibui ndani ya nyumba. Jioni Kache alishuka na bakuli la mafuta kama kawaida, akamkuta amekaa amejitanda, ushungi mpaka kwenye kidevu, miguu ameikunja ndani. Mama alimwambia, "Leo sitaki, mwanangu. Mguu haunisumbui." Kache aliweka bakuli chini akapanda juu. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu alihamia Changamwe kwa ami yake Kazungu. Hakuaga kwa maneno mazito, alisema tu kwamba kule ni karibu na reli, na baba yake akija atamkuta kwa urahisi. Kisa cha Nairobi alikuja nacho bila chozi. Buibui la Mama ndilo lililomliza. Nilimsikia.

Nilimkasirikia Mama, na Mama akanikasirikia mimi. Akasema, "Kama ni mwanamume, mimi nimetoa nywele zangu mbele ya asiye maharimu wangu miaka mitano. Nani atanijibia hilo? Wewe?" Alimwita Ami Kamaludin.

Nilikaa nyuma ya pazia nikasikiliza. Mama alieleza yote. Ami hakuuliza habari za Nairobi wala za kioo. Alimuuliza: "Huyu mtoto amekaa kwako miaka mitano. Umepata kuona kwake jambo lolote la kiume?" Mama akasema hakuona. "Umepata kusikia kwake neno lililokutia shaka?" Hakusikia. Ami akasema vitabu vinao mlango wa watu ambao hali yao haiko wazi, na amewahi kuusomesha, lakini mlango huo hufunguliwa kwa anayekuja mwenyewe na shida yake, haufunguliwi na watu wa barazani. Mtu aliyelelewa mwanamke ni mwanamke mpaka ionekane dalili ya wazi. Kisha akaongeza kwamba yeye si daktari, na kama waganga watakuja na jambo lililo wazi, atalifikiri upya. Mama hakupenda nyongeza hiyo. Alitaka neno moja lililokwisha.

Asubuhi yake aliagiza teksi. Alikwenda Changamwe peke yake, akanikataza kufuatana naye, kwa hiyo nisemayo nimeyapata kwa mke wa Kazungu. Alishuka, akaingia uani, akamkuta Kache anafua. Akamuuliza, "Siku hizi chakula wala wapi?" Kache akasema anakula papo hapo. Mama akasema, "Umekonda. Mguu umenivimba. Twende nyumbani." Hakuomba radhi, nawe unamjua, haombi. Kache alimaliza kufua, akaanika, akapanda teksi.

Jioni ile Mama alikaa kichwa wazi, mguu ameunyoosha kwenye kigoda. Lakini nimeona kwamba Kache sasa hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwa Mama. Zamani hakuwa akibisha.

Nawe ulikuwa umejua tangu Aprili. Sikulaumu. Nakuandikia tu kwamba tulipokuwa hapa katika hayo yote, wewe ulikuwa umejua.

Mwanakuu

*

Kampala
8 Julai 1968

Dada Mwanakuu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Salamu zangu kwa Mama, na kwa Ami, na kwa Kache.

Nilijua kwamba kioo kimoja kati ya sita hakikuwa na vitone. Sikujua ni cha nani. Nilidhani, na kudhani si kujua, na hata ningejua nisingekuandikia. Wewe ulikataa kunijibu swali langu la Februari na ulifanya sawa. Nami nilifanya kama wewe.

Sahihi yangu iko pale. Niliandika nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa kweli. Chini yake niliongeza kwamba kipimo hiki peke yake hakitoshi kuamua lolote juu ya mtu, na kwamba afanyiwe uchunguzi kamili kwanza. Nimejulishwa kwamba maneno yale hayakufika mbele ya walioamua. Kukosa kitone hutokana na hali nyingi mbalimbali. Katika baadhi yake mwili hupata nguvu kama za mvulana. Katika nyingine mwili hauzisikii nguvu hizo kabisa, na mtu hana alichowazidi wenzake. Darubini yangu haiwezi kutenganisha ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo sijui kama Jael alionewa Novemba au Kache ameonewa Mei. Nakwambia wazi kwamba sijui, na wale waliomwambia achague goti hawajui pia.

Mwambie Kache kwamba akitaka kujua, aje. Kuna daktari hapa anayezijua hali hizi, mtu mzima na mwenye staha. Asipotaka, asije. Hana ugonjwa wa kumharakisha. Na akija, atakachoambiwa ataambiwa yeye.

Taib

*

Kampala
29 Agosti 1968

Dada,

Hukunijibu. Badala ya jibu alishuka Kache kituoni na kikapu cha mikate ya mofa ya Mama, migumu kama mawe baada ya safari ile, nami nimeila yote.

Amekaa wiki mbili kwa familia ya rafiki yangu na ameondoka leo asubuhi kwa gari la moshi. Alichunguzwa, akaelezwa. Alitaka achorewe, nikamchorea. Ameniruhusu nikuandikie mambo mawili tu. La kwanza, kwamba hatakufa kwa jambo hili. La pili, kwamba aliuliza kama kuna upasuaji ambao akifanyiwa ataruhusiwa kukimbia, nami nikamwambia kanuni hazisemi kitu, na hakuna awezaye kumwahidi. Akasema basi aachwe alivyo.

Mengine anayo yeye. Usimuulize kwa macho pia, nakujua.

Taib

*

Kuze, Mombasa
10 Novemba 1968

Ndugu yangu Taib,

Assalaam aleikum, na samahani kwa ukimya. Ramadhani inakaribia na Mama amekwisha kuanza kununua tende. Chengo alikuja kumwona binti yake, akakaa naye barazani tangu alasiri hadi magharibi. Sijui walizungumza nini. Alipoondoka alinishukuru kwa mikono miwili.

Sikumuuliza Kache, si kwa mdomo wala kwa macho. Yuko kazini kwake kama zamani. Mjini wamechoka kumsema, wamepata harusi iliyovunjika ya kusema. Lakini hakuwa akikimbia. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda tangu Mei, nami niliacha kuvitaja.

Wiki iliyopita Jael Ogutu alibisha mlangoni. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba huko ng'ambo alitolewa katika mbio za pili. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Nairobi na alikuwa na sanduku dogo. Kache alimkaribisha. Mama alishuka ngazi ili amwone.

Jael hakungoja. Alisema kabla ya kukaa vizuri, "Ni mimi niliyelalamika juu yako. Mwaka jana, baada ya zile mbio."

Kache akasema alikuwa akijua.

"Sikuja kuomba radhi," Jael akasema. "Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, nawe ukanipita kama nimesimama. Niliuliza. Nadhani nilikuwa na haki ya kuuliza. Lakini sikuwaambia wakufanyie vile."

"Na mimi nilikuwa nakimbia kwa nguvu zangu zote," Kache akamwambia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimuuliza Jael kama ndiye yeye aliyemshtaki mwanawe. Jael akasimama akasema ndiye. Mama akasema chakula kimeshapakuliwa, wanawe. Walikula pamoja wali na samaki wa kupaka, na Jael alimwaga mchuzi kwenye mkeka.

Baada ya chakula alieleza lililomleta. Alitaka washindane tena, wao wawili, bila chama, bila mtu, mimi nikiwa na saa. Alisema huko alikokwenda, kila alipojipanga mstarini alijiona amekaa mahali pa mtu mwingine, naye anataka kujua. Kache akamwambia, "Nikikushinda, utasema kipimo kilisema kweli. Ukinishinda, utasema nimejiachia. Hutajua kitu, Jael. Nami sitaki kupimwa tena."

Nilidhani mambo yamekwisha.

Lakini asubuhi nilipoamka kujitayarisha kwenda shule, niliwakuta wote wawili ukumbini na Kache amevaa viatu. Nilifuatana nao hadi Tononoka kwa kuwa ni njia yangu. Uwanja ulikuwa mtupu na nyasi zina umande. Kache alitupa leso yake begani kwangu, akaanza kukimbia peke yake. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito, hata nikaona haya kwa ajili yake. Wa pili mwili ulimkumbuka. Taib, miezi sita hakukanyaga pale. Jael alisimama kando ya mstari na hakuondoa macho mpaka amemaliza. Nilikuwa na saa mkononi na sikuiangalia.

Kache alirudi ameinama, mikono magotini, akivuta pumzi. Jael akasema, kama anayesema na nafsi yake, "Kona ya mwisho siiwezi. Kule ndiko walikonipitia."

"Unainua mabega," Kache akasema. "Ukifika konani unainua mabega mpaka masikioni. Niliona tangu Novemba ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa tunashindana."

Akamshika mabega akayashusha, akamwonyesha. Wakaenda wote wawili konani, wakaipita polepole, wakarudi, wakaipita tena. Kache alikuwa upande wa ndani akimwambia neno moja moja. Jua lilikwisha kuwa kali nao bado wanaizunguka kona ileile. Niliwaita mara moja, hawakusikia, na shuleni kengele ilikuwa inakaribia. Niliweka leso ya Kache juu ya viatu vya kawaida walivyoviacha majanini, nikaenda zangu.

Mama anasema utume picha, na usile mikate mikavu, watu watasema huna kwenu.

Dada yako,
Mwanakuu